Boksi lisilo na skrini: waya wa seriali kwanza, kuingia kwa mbali baadae

Kontrola tuliyoikuta kule Hombolo ni kiboksi cha plastiki cha kijivu, ndani kuna kakompyuta kadogo ka Linux, hakana skrini, hakana kibodi, hakana hata kitufe cha kuzimia, ni taa mbili tu na tundu la waya wa mtandao. Kazi yake ni kuwasha pampu ya kisima inayotumia sola, kuangalia kama tangi limejaa, na kufungua vali za dripu kwa zamu kwenye mashamba ya zabibu ya wakulima wa pale. Fundi aliyeifunga alishahama mkoa, namba haipatikani, karatasi hajaacha, paswedi hamna, anwani ya IP hamna. Na kilikuwa kiangazi cha Dodoma, si unajua, kuanzia Mei mpaka Novemba huku mvua tunaisikia kwa wenzetu, kwa hiyo pampu isipowaka mizabibu inanyauka na watu wazima wanaanza kukuangalia jicho la pembeni.

Hizi kazi za kontrola nimezifanya muda sasa, nyingi za pampu, chache za jenereta, na kinachonifanya niandike ni kimoja. Vijana wanaoingia kwenye hii fani wanakimbilia kuingia kwa mbali, dogo anataka akae mjini anakunywa chai huku anaendesha pampu ya Hombolo kwenye laptopu, na mi sikatai, ni kitu kizuri kweli. Ila kuingia kwa mbali kunasimama juu ya vitu kibao: mfumo uwe umewaka mpaka mwisho, mtandao uwe sawa, laini iwe na bando, seva ya katikati iwe hai, paswedi iwe inajulikana. Waya wa seriali, ule unaochomekwa kwenye pini za ndani ya boksi ili usome maneno yake kwenye laptopu, unataka umeme tu. Boksi likiwa na umeme mara nyingi litakuambia linaumwa nini, hata kama mfumo wake umegoma kuwaka. Kwa hiyo mi naanza na waya, na hata nikishaweka huo umbali, waya unabaki pale pale.

Ukifungua mfuniko, pembeni ya ubao utaona pini tatu au nne zimejipanga mstari, mara nyingi hazijaandikwa kitu. Hiyo ndo konsoli, mlango wa boksi wa kuongea na fundi. Moja ni grandi, moja inatoa maneno, moja inapokea, na ya nne ikiwepo ni ya umeme, hiyo achana nayo kabisa usiiunganishe na chochote. Kujua ipi ni ipi chukua multimita, grandi utaipata kwa ule mlio ukigusisha na hasi ya umeme wa boksi, inayotoa mara nyingi utaikuta imekaa kwenye volti 3.3 na boksi likianza kuwaka inachezacheza kwa sababu ndo inaongea, iliyobaki ni ya kupokea. Hapa dakika chache tu, ila usiruke.

Mtego upo dukani. Ukiomba kebo ya seriali utapewa ile yenye kichwa cha pini 9, ya RS-232. Hicho kiwango ni cha Marekani, cha mwaka 1960, na volti zake ni dunia nyingine: moja inakaa kati ya hasi 3 na hasi 15, sifuri inakaa kati ya chanya 3 na chanya 15. Chomeka hiyo kwenye pini za volti 3.3 na umeshauchoma mlango pekee uliokuwa nao. Unachotaka ni kaadapta kadogo ka USB ka volti 3.3, na maduka mengi ya hapa mjini yana kebo za printa na chaja za simu, hako unaagiza Kariakoo kanakuja na basi. Chipu utakazozikuta ni FT232, CP2102, PL2303 na CH340, na feki zimejaa. Mwaka 2014 FTDI, wenye hiyo FT232, walitoa draiva ya Windows ambayo ikikuta chipu feki inaibadilishia namba ya utambulisho inakuwa sifuri, kompyuta haiitambui tena, wenye adapta zao wakapiga kelele dunia nzima mpaka ikaondolewa. Mi natumia CH340 ya bei ndogo, naijua ni ya bei ndogo na yenyewe haijifanyi kitu kingine, tumeelewana.

Kwenye Linux ukichomeka andika dmesg uone imepewa jina gani, mara nyingi ni ttyUSB0. Ukinyimwa ruhusa usikimbilie sudo, jiongeze kwenye kundi linaloruhusiwa kutumia bandari hizo, mara nyingi linaitwa dialout, toka kwenye akaunti ingia tena, basi. Kwenye Windows itakuwa COM na namba fulani, unaipeleka PuTTY, programu ya kuongea na seriali. Kwenye Linux kazi hiyo mi napenda kuifanya na picocom kwa sababu ni nyepesi na haina menyu za kukupoteza, kutoka ni Ctrl-A afu Ctrl-X, na jifunze kutoka kabla hujaingia, nimeshamkuta mtu anafunga laptopu yote ndo atoke kwenye screen, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo.

Sasa sehemu inayokula muda wa watu. Umechomeka, umefungua, unaona nini?

Ukiona takataka, maalama ya ajabu ajabu yanamwagika, furahi. Mara nyingi maana yake waya uko sahihi, grandi iko sahihi, boksi linaongea, kosa ni mwendo tu, yaani biti ngapi kwa sekunde. Kontrola nyingi za Linux zinaenda 115200, swichi na rauta za Cisco zinaanzia 9600, na karibu zote ni biti 8, pariti (biti ya kukagua makosa) hamna, biti moja ya kusimama. Jaribu hizo mbili kwanza, zikikataa jaribu 57600 na 38400. Ukiona kimya kabisa, hapo ndo pabaya kidogo, na mara nyingi ni kwamba kutoa umekutanisha na kutoa, kupokea na kupokea, watu wawili wote wanaongea hakuna anayesikiliza. Zinatakiwa zipishane. Zigeuze, kwa hizi adapta za 3.3 kugeuza hizo mbili kwa kawaida hakuunguzi kitu. Na kama bado kimya, zima boksi uwashe huku unaangalia, kwa sababu boksi lililomaliza kuwaka linaweza kukaa bila kusema neno mpaka ubonyeze enta.

Halafu kuna hii inayowachanganya mpaka wenye uzoefu: unasoma vizuri, maneno yanakuja safi, ila ukiandika hakiendi kitu. Wengi wanaanza kutukana kibodi. Kama unatumia minicom, nayo ni ya kundi la picocom, nenda kwenye mipangilio ya bandari uangalie ile ya kudhibiti mtiririko kwa vifaa (Hardware Flow Control), mara nyingi inakuwa imewashwa, inasubiri ishara kutoka kwenye waya nyingine mbili za ziada ambazo we hujaziunganisha kwa sababu una waya tatu tu. Izime. Ikikataa hata baada ya hapo ndo uanze kuushuku waya wa kupokea.

Kingine cha huku kwetu ni umeme wenyewe. Karibu na inveta ya pampu kuna makelele mengi ya umeme, na ukichomeka laptopu yako kwenye jenereta au kwenye umeme wa nyumba ya jirani huku seriali imeshikana na boksi, grandi mbili zinaweza kuwa zinatofautiana volti za kutosha kuunguza adapta au bandari ya USB. Mi natumia betri ya laptopu tu, chaja naiacha kwenye begi. Betri ikiisha nafunga kazi, na kwa lile jua la saa saba mchana la Hombolo skrini yenyewe huoni kitu, kwa hiyo hupotezi kikubwa.

Paswedi tuliipitaje? Kwa waya huo huo, na wenye mali wakiwa wamekaa pembeni wanaangalia, hili nalisisitiza. Boksi likianza kuwaka kuna programu ndogo inayotangulia, U-Boot, inahesabu sekunde chache ikisubiri kama kuna mtu atabonyeza kitu. Ukibonyeza inasimama, inakupa alama yake ya =>, pale unaiongezea kwenye vigezo vya kuwashia neno init=/bin/sh, mfumo unawaka unakuweka moja kwa moja ndani kama mkuu (root, mwenye ruhusa zote), unalifanya diski liandikike, unabadilisha paswedi, unawasha upya. Jamaa mmoja wa shamba akauliza, kwa hiyo mwizi akija na huo waya anaingia hivyo hivyo? Nikamwambia ndio bosi, ndo maana nataka boksi liwe na kufuli. Kesho yake akaleta kufuli kubwa ambalo lingetosha geti.

Hiyo U-Boot ndo ilituletea kisa ambacho mpaka leo nakipenda. Hili boksi halikuwa na betri, linapata umeme wa paneli tu, kwa hiyo linazimika jua likizama na linawaka lenyewe asubuhi. Sasa asubuhi nyingine linagoma. Mzee anayelinda shamba ananipigia, namwamkia, ananijibu marahaba mwanangu, boksi lako limelala. Namuuliza taa ya kijani inapepesa? Ananiambia imekodoa tu. Anachomoa umeme anachomeka, linawaka, siku inaendelea. Baada ya siku kadhaa tena. Ukienda na laptopu, linawaka vizuri mbele yako kila ukijaribu, unajiona mjinga. Wengine wakaanza kusema programu ina virusi, mwingine akasema kontrola ni kimeo inunuliwe mpya.

Tulichofanya ni kumwachia dogo tunayefanya naye kazi laptopu alale kule shambani, achomeke waya alfajiri kabla ya jua na asiguse kitu, aache tu maneno yaandikwe kwenye faili. Asubuhi ya kwanza boksi likawaka freshi. Ya pili vile vile. Tukakaa tukajiuliza, mbona waya ukiwepo haligomi? Tukafungua mfuniko tena, na kumbe fundi wa mwanzo aliacha kipande cha waya mrefu kimeungwa kwenye zile pini, upande wa pili hakijaunganishwa na kitu, kimeviringishwa kimelala sambamba na nyaya za inveta. Kila tukienda na adapta yetu tunakiondoa ndo tuchomeke, tukimaliza tunakirudisha pale pale kwa kuwa tunaona ni chake. Ule waya ulikuwa antena. Inveta inaamka na jua, inatupa makelele, waya unayadaka, pini ya kupokea inaona kitu kinachofanana na herufi, U-Boot inasema ah kuna mtu amebonyeza, inasimama kwenye => inasubiri amri ambayo hamna wa kuitoa. Boksi zima, pampu nzima, shamba zima linasubiri mtu aandike boot.

Dawa yake ni ya shilingi kidogo sana. Mstari wa seriali ukiwa umetulia unatakiwa ukae juu, kwenye zile volti 3.3, kwa hiyo ukiweka rezista ya kilo-om 10 kutoka pini ya kupokea kwenda kwenye 3.3, hata kama hakuna kitu kimechomekwa mstari unabaki juu, makelele madogo hayaushushi. Tukaondoa na ule waya. U-Boot ina namna nyingine pia, unaweza kuiambia bootdelay iwe hasi 2, hapo haiangalii kabisa kama kuna mtu amebonyeza, inapitiliza. Kuna fundi mwenzangu aliipendekeza, mi nikakataa, kwa sababu siku mfumo ukiharibika na wewe utakuwa umejifungia nje. Heri ile ya kuijenga upya ikubali kusimama kwa neno maalumu tu, makelele hayawezi kuandika neno zima. Tuliifanya baadae, haikuwa haraka tena.

Ukishafika hapo ndo tuongelee umbali.

Laini ya simu kwenye modemu kwa kawaida haikupi anwani ya kuonekana kutoka nje, wateja wengi wanawekwa nyuma ya anwani moja, kwa hiyo wewe huwezi kulipigia boksi, boksi ndo likupigie wewe. Unakodi seva ndogo mahali, boksi linafungua ssh (njia ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kwa maandishi yaliyofichwa) kwenda huko na kuacha njia ya kurudi, ile ya -R, na wewe ukiingia kwenye seva unapita humo humo mpaka shambani. Ukiweka na autossh njia ikikatika inajirudisha yenyewe, na ServerAliveInterval ya sekunde 30 inazuia mtandao usiihesabu imelala. Wengine siku hizi wanatumia WireGuard, aina ya VPN, iliingia kwenye kiini cha Linux toleo la 5.6 mwaka 2020, nayo nzuri. Ila telnet, njia ya zamani ya kuingia kwa mbali, kama kontrola yako ya zamani bado inayo, izime leo. Telnet ni ya mwaka 1969, enzi ambazo waliokuwa kwenye mtandao walikuwa wanajuana, inapitisha paswedi wazi kabisa. Ssh yenyewe ilizaliwa 1995 Ufini baada ya Tatu Ylönen kuona paswedi zimedakwa kwenye mtandao wa chuo alichokuwepo. Tumia funguo za ssh, kuingia kwa paswedi kuzime kabisa, kwa sababu seva yako ikikaa saa chache tu kwenye intaneti utaona majaribio ya watu wa mbali yanavyomiminika kwenye faili la kumbukumbu.

Raha ya teminali ni kwamba ni maandishi tu, bando hailiwi. Unaweza kushinda ndani ya kontrola asubuhi nzima usifikie hata kile kinacholiwa na video moja fupi ya WhatsApp. Shida ni kukatika. Mtandao wa Hombolo una siku zake, na ukiwa katikati ya kusasisha programu sesheni ikikatika, mfumo unazipa ishara kazi ulizoanzisha kwamba mwenyewe ameondoka, nazo zinakufa, unabaki na mfumo nusu mpya nusu wa zamani. Kwa hiyo kila nikiingia cha kwanza naandika tmux. Kazi inakaa ndani ya tmux kwenye boksi lenyewe, mi nikikatika yenyewe inaendelea, nikirudi naandika tmux attach naikuta ilipofika. Na kuna faida nyingine sikuitegemea, watu wawili mnaweza kuwa kwenye sesheni moja, dogo yuko shambani mi niko Area C mjini, anachoandika nakiona, nikimwambia kwa simu futa hiyo mstari wa tatu anafuta. Amejifunza kwa namna hiyo kuliko angekaa anasoma.

Kitu ambacho sibembelezani nacho ni kubadilisha mpangilio wa mtandao kwa mbali bila saa ya kujiokoa. Kabla hujagusa, liambie boksi lijiwashe upya baada ya dakika 10, shutdown -r +10, afu badilisha bila kuhifadhi. Ukikosea ukafungiwa nje, subiri, linarudi lilivyokuwa. Ukiwa sawa, unahifadhi, unafuta ile saa kwa shutdown -c. Cisco wanayo yao, reload in 10, na rauta za MikroTik zina Safe Mode, Ctrl-X, ukikatika inarudisha yenyewe. Kutoka mjini mpaka lile shamba ni zaidi ya kilomita 30 na kipande cha mwisho ni vumbi tupu, bodaboda wenyewe wanakuuliza mara mbili kama una uhakika.

Tulivyomalizia pale ni hivi: pembeni ya kontrola tumeweka kakompyuta kengine kadogo, kana betri yake na modemu yake, na kaadapta ka seriali kamechomekwa kwenye zile pini muda wote. Nikitaka kuingia, naingia kwenye hako, ndani yake kuna tmux, ndani ya tmux kuna picocom imefunguka siku zote na inaandika kila kitu kwenye faili. Kwa hiyo hata nikiwa mjini nipo kwenye waya, naona boksi likiwaka kuanzia mstari wa kwanza wa U-Boot, kitu ambacho ssh ya kawaida haikuonyeshi kwa sababu yenyewe inaamka mwishoni kabisa. Bandari ya ule ubao mwingine unaofungua vali nayo tunaiacha wazi hivyo hivyo, kwa sababu ni Arduino (kaubao kadogo ka kuprogramu), na Arduino nyingi ukifungua bandari yake tu zinajiwasha upya, vali zote zinajifunga katikati ya zamu. Bandari ikifunguliwa mara moja ikabaki wazi, hakuna shida.

Hilo faili la kumbukumbu limeshatuonyesha kitu kingine ambacho hakuna aliyekiuliza. Asubuhi boksi haliwaki mara moja, linawaka, linafika katikati, linazimika, linaanza tena, mara kadhaa mpaka jua lipande vizuri, kwa sababu paneli alfajiri zinatoa volti za kutosha kuamsha ubao ila hazitoshi pampu inapojaribu kuanza. Hakuna diski linalopenda maisha hayo. Mzee anasema yeye alikuwa anaona taa zinavyozimika na kuwaka tangu zamani, akajua ndo linavyopasha moto. Wenye shamba wamekubali betri, fedha inasubiri mauzo ya zabibu za Agosti, kwa sasa tumeiambia pampu isijaribu kuwaka kabla ya saa mbili asubuhi.